Theluji Imefika Magotini: Maswali Yenu ya Msimu wa Baridi

Barua zimeongezeka tangu theluji ya kwanza ianguke. Zote ni za Marekani: nyingi zinatoka jimbo la Minnesota, chache jimbo la Maine na mji wa Buffalo, New York. Vipimo tumeviacha kwa inchi, maili na Farenhaiti kwa sababu ndivyo redio za huko zinavyosema. Kumbuka tu kwamba nyuzi 32 za Farenhaiti ndiyo sifuri ya Selsiasi, yaani pale maji yanapoganda, na nyuzi 0 za Farenhaiti ni karibu 18 chini ya sifuri ya Selsiasi.

Naanguka siku zisizo na theluji

Swali: Nasoma Minneapolis, ni mwaka wangu wa kwanza. Kila siku natembea robo saa hadi kituo cha basi. Wiki iliyopita nilianguka mara tatu, na zote ni siku ambazo theluji ilikuwa kidogo sana. Siku ile iliyoanguka hadi kwenye ugoko nilitembea vizuri kabisa. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi kutoka Dodoma)

Jibu: Hujakosea hesabu. Theluji mpya humshika mtu mguu: unazama, chembe zinabanana chini ya soli, unasimama. Kinachoangusha ni barafu, na barafu nyingi ya mjini haitoki mawinguni, hutengenezwa palepale njiani. Saa nane mchana jua linayeyusha rundo la theluji lililosukumwa pembeni, maji yanatiririka kukatiza njia ya miguu, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia na maji yale yamekuwa kioo. Usiku inanyunya theluji nyembamba kama unga juu yake. Asubuhi unakanyaga unga, kumbe chini kuna kioo.

Kuna jambo wageni wengi hulisoma kinyume: baridi kali si utelezi mkali. Barafu huteleza zaidi ikikaribia kuyeyuka, karibu na nyuzi 32, kwa kuwa juu yake pana utando wa maji. Ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri, barafu inakuwa kavu, theluji inalia kriki kriki chini ya kiatu, na kiatu kinashika vizuri zaidi. Kwa hiyo siku ile watu wanayosema "leo afadhali, kumepoa", ndiyo siku ya kutazama chini.

Jua mahali barafu inapokaa. Chini ya bomba linaloshusha maji ya paa. Mbele ya mlango wa gereji. Kwenye mistari myeupe ya kivuko na mifuniko ya chuma ya chemba. Na pale kituoni penyewe, ambapo mamia ya viatu yameshindilia theluji hadi ikang'aa. Hatua ya kushuka kwenye basi ni mbaya kuliko zote, maana mwili unatoka kwa kasi na mguu mmoja unabeba uzito wote. Shika mpini, weka miguu yote miwili chini, ndipo uachie.

Mwendo wenyewe ni wa bata. Vidole vya miguu vitazame nje kidogo, magoti yalegee, hatua ziwe fupi, na unyayo utue wote kwa pamoja badala ya kutanguliza kisigino. Uzito uwe juu ya mguu wa mbele. Mikono itoke mfukoni, mzigo uwe mgongoni. Utaonekana kituko, lakini angalia wazee wa mji huo wanavyotembea mwezi wa kwanza. Ukihisi umeshaondoka, usinyooshe mkono kudaka ardhi, kwani kifundo cha mkono ndicho huvunjika. Jikunje, geukia ubavu, angukia paja na tako, kidevu kikiwa kifuani.

Kuhusu viatu: soli ya plastiki au ngozi hukakamaa ikawa kama kigae. Tafuta soli ya mpira laini yenye meno ya kina. Buti liwe na nafasi ya soksi moja nene ya sufu na bado vidole vicheze. Buti linalobana huzuia damu na mguu unaganda hata kama liliuzwa kama buti la baridi. Soksi za pamba ziache nyumbani, hushika jasho. Kwa siku za barafu tupu kuna njumu za kuvalisha juu ya kiatu, mpira wenye vyuma vidogo chini. Zinafaa sana, ila zivue mlangoni mwa duka. Vyuma vile juu ya vigae vinateleza kuliko kiatu kitupu.

Maji ya moto kwenye kioo

Swali: Shikamooni. Mwenzangu ninayeishi naye humwagia maji ya moto kioo cha mbele kila asubuhi ili barafu itoke upesi. Ni sawa?

Jibu: Marahaba. Si sawa. Kioo chenye alama ndogo ya kokoto kitapasuka toka upande hadi upande, na maji yakishapoa yatagandisha wipa na mlango. Washa injini, elekeza hewa kwenye kioo, kisha tumia kikwangulio cha plastiki wakati gari likipata moto. Wipa usiziwashe zikiwa zimegandia. Ama mpira utachanika ama fyuzi itaungua. Maji ya wipa yawe yale yenye dawa iliyoandikwa inafaa hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Ufagie na paa pia, usiache "kofia" ya theluji juu: ukishika breki mara ya kwanza itateremka yote kwenye kioo. Na gari lisipashwe moto ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake unaua bila harufu.

Gari langu ni 4WD, tairi za theluji za nini?

Swali: Nimeendesha miaka kumi na miwili Kenya, barabara ya Nakuru hadi Kitale naijua kwa kufumba macho. Sasa niko Rochester, Minnesota, na gari langu linavuta magurudumu manne. Fundi ananiambia ninunue tairi nne za theluji. Naona kama ananitafutia bili. (Dereva mzoefu)

Jibu: Kaka, safari hii fundi ana haki. 4WD inakusaidia kuondoka. Kusimama hakuhusiani nayo hata kidogo: kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne, na kinachoshika barabara ni viganja vinne vya mpira. Tatizo la 4WD ni kwamba inaondoka vizuri mno, hivyo dereva hapewi onyo. Anafika maili 50 kwa saa akidhani barabara ni nzuri, na habari ya barafu anaipata kwenye taa nyekundu.

Mpira wa tairi za kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 45. Tairi ya theluji ina mpira unaobaki laini, na meno yake yana mikato mingi myembamba inayouma theluji. Ukinunua, tafuta ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo maana yake tairi ilijaribiwa kwenye theluji. Herufi M+S peke yake zinaeleza umbo la meno tu. Nunua nne. Ukifunga mbili mbele, mbele itashika na nyuma itakupita kwenye kona.

Pima ulizonazo kwa sarafu ya senti 25: iingize kati ya meno, kichwa cha Washington kikitazama chini. Mpira usipogusa kichwa chake, kina kimepungua chini ya inchi 4/32, kama milimita 3. Sheria bado inaruhusu, theluji hairuhusu.

Angalia na upepo. Kila joto likishuka nyuzi 10, tairi hupoteza kama psi 1. Uliyojaza Septemba kwenye nyuzi 70, Januari kwenye nyuzi 0 imepungukiwa psi 7 bila kutoboka. Jaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Kile kilichoandikwa kwenye tairi ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi inahimili.

Sasa uendeshaji. Kila jambo lianze mapema na liwe jepesi: breki, usukani, mafuta, kimoja kwa wakati mmoja. Ukishika breki huku unakata kona, umeiomba tairi kazi mbili na nguvu yake inatosha moja. Punguza mwendo gari likiwa limenyooka, achia breki, ndipo ukate. Mbele yako acha sekunde 8 hadi 10: gari la mbele likipita nguzo, anza kuhesabu. Usitumie kidhibiti mwendo cha kujiendesha chenyewe. Darajani punguza kabla ya kufika, kwa kuwa upepo unapita chini na juu yake na hivyo daraja huganda kabla ya barabara.

Tazama pia magurudumu ya gari lililo mbele. Yakirusha maji, barabara imelowa. Barabara ikiendelea kung'aa kama imelowa lakini maji yakaacha kuruka, umeingia kwenye barafu. Usifanye kitu cha ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shikilia usukani ulivyo.

Likianza kuteleza, kuna namna mbili. Pua ikigoma kukata kona na gari linakwenda mbele moja kwa moja: achia mafuta, rudisha usukani kidogo, ngoja mpira ushike, kata tena. Kuzidisha kukata kunazidisha kuteleza. Mkia ukitoka: achia mafuta, tazama unakotaka kwenda na upeleke usukani huko, kisha uunyooshe mara mkia unapoanza kurudi, la sivyo utatokea upande wa pili. Breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge, zikikanyagwa kwa nguvu zitatetemeka na kukoroma chini ya mguu. Wengi hushtuka wakaachia. Usiachie, ndiyo kazi yake. Gari la zamani lisilo na ABS ndilo linalotaka breki ya kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia.

Mazoezi yafanyie kwenye uwanja mtupu wa kuegesha, kwa ruhusa, kwenye mwendo wa maili 10 hadi 15. Ukishausikia ule mtetemo mara tano mguuni, siku ya taa nyekundu hautakushtua.

Nilikanyaga mafuta, likazidi kuzama

Swali: Jambo wahariri. Sisi wa Bukavu matope tunayajua, tunayashinda kwa mafuta. Hapa Portland, Maine, motokari yangu ilinasa mbele ya nyumba, nikafanya kama kule, ikazama kabisa. Theluji inataka nini? (Baba wa Portland)

Jibu: Inataka kinyume cha matope. Kwenye matope mara nyingine gurudumu likizunguka linachimba hadi kufika udongo mgumu, nawe unatoka. Kwenye theluji gurudumu linalozunguka linapata moto, linayeyusha theluji, maji yanaganda upya, na umejitengenezea bakuli la barafu lenye umbo la tairi lako. Kila sekunde ya kelele inaling'arisha zaidi.

Mara tu gari likigoma, acha. Shuka, anza na bomba la moshi: lifukue kabla ya kitu kingine, maana likizibwa moshi unaingia mulemule mnamokaa watoto. Kisha chungulia chini. Kama tumbo la gari limelala juu ya theluji, magurudumu yananing'inia na hakuna mchanga utakaosaidia mpaka uitoe theluji hiyo kwa beleshi. Chimba mbele na nyuma ya magurudumu yanayovuta, kiasi cha urefu wa mkono, na ukiona barafu laini chini ya tairi, ivunje kwa ncha ya beleshi.

Nyoosha usukani. Zima kidhibiti cha kuteleza, kile kitufe chenye picha ya gari na mistari ya kupinda, kwa kuwa kitakata nguvu ya injini kila gurudumu likizunguka. Mwaga mchanga, au ule udongo wa choo cha paka usioshikana ukilowa, mbele na nyuma ya tairi zinazovuta. Zulia la gari nalo hufaa, ila mtu asisimame lilikoelekea, hurushwa kama jiwe la manati. Sasa weka D, gusa mafuta kidogo tu, gari likipanda na kukwama achia lirudi. Likisimama weka R, gusa. Unalibembeza. Gari lisimame kabisa kabla ya kubadili gia. Safari kadhaa bila kuongeza hata shubiri, pumzika na uchimbe upya, vinginevyo giaboksi itaungua na utakuwa na tatizo la pili ghali kuliko la kwanza.

Wakija wa kusukuma, wasimame kwenye pembe za bampa, si nyuma ya tairi.

Niegeshe wapi ikitangazwa dharura ya theluji?

Swali: Nakaa Minneapolis, sina gereji, naegesha mtaani. Majirani wanasema kuna siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Sielewi kitu na gari langu limeshavutwa mara moja.

Jibu: Utaratibu ni rahisi ukishausikia kwa mpangilio. Jiji likitangaza dharura, hutangaza kabla ya saa 12 jioni, na sheria inaanza saa 3 usiku. (Hizi ni saa za Kiswahili, kwenye simu yako itasomeka 9. Kuna watu wamevutiwa magari kwa kosa hilo tu.)

Siku ya kwanza, saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi: usiegeshe upande wowote wa njia kuu zenye kibao cha dharura ya theluji. Siku ya pili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku: kwenye mitaa mingine yote usiegeshe upande wa nyumba zenye namba shufwa, na barabara za kandokando ya bustani usiegeshe upande wowote. Siku ya tatu, saa zilezile za mchana: upande wa namba witiri. Sehemu ikishasafishwa kikamilifu, ukingo hadi ukingo, unaweza kurudi.

Mtego uko kati ya siku ya kwanza na ya pili. Mtu analiondoa gari njia kuu usiku, analipeleka mtaa wa ndani upande wa shufwa, analala. Saa 2 asubuhi siku ya pili imeanza naye bado yuko kitandani. Ukihama usiku wa kwanza, hamia moja kwa moja upande wa witiri wa mtaa mdogo. Pana usalama hadi asubuhi ya siku ya tatu. Piga 311, namba ya jiji ya maulizo, au jiandikishe upate ujumbe wa simu. Na ukilala kwa rafiki Saint Paul, ng'ambo ya mto, hayo yote yasahau: wale wana sheria zao, soma vibao vya mtaa husika.

Nimesafisha, greda likapita, nimeanza upya

Swali: Nikimaliza kusafisha njia ya gari, lile greda la theluji linapita na kuniachia ukuta mdomoni. Wanafanya makusudi? Halafu chumvi namwaga kiasi gani? (Mzee wa nyumba, Brooklyn Park, Minnesota)

Jibu: Shikamoo mzee. Si makusudi, bamba lile limeinama upande mmoja na linamwaga kokote palipo wazi, na mdomo wa njia yako ndipo palipo wazi. Unaweza kulihadaa. Simama nyumbani utazame barabara. Greda la upande wako linatokea kushoto kwako kwenda kulia. Kwa hiyo theluji yako yote irundike kulia. Ukiirundika kushoto, greda litaikusanya na kukurudishia. Halafu, kushoto, kabla ya mdomo wa njia, safisha kandokando ya barabara kipande cha futi kama kumi, kiwe mfuko mtupu. Greda litamwaga mzigo wake humo, likifika mlangoni kwako halina kitu kingi. Usisukumie theluji barabarani, ni kosa kisheria Minnesota.

Kazi yenyewe ifanye kila zinapoanguka inchi tatu au nne, usingoje ishindane na kiuno. Sukuma, usinyanyue; ikibidi kunyanyua, jaza nusu beleshi. Mzee mwenye presha au moyo amwachie kijana. Baridi inabana mishipa huku mikono ikidai damu, na kila mwaka kuna watu huanguka na beleshi mkononi. Kifua kikibana, kazi imekwisha, piga 911.

Chumvi: kikombe kimoja cha kahawa cha aunsi 12 kinatosha futi 20 za njia ya gari au miraba 10 ya zege kwenye njia ya miguu. Chembe ziachane kama inchi tatu. Wanaomwaga hadi ardhi ikawa nyeupe wanaitia mitoni na kuharibu zege lao. Halafu soma joto kwanza: chini ya nyuzi 15 chumvi ya kawaida haifanyi kazi ya maana. Hapo mwaga mchanga upate mshiko, au nunua kloridi ya kalisi, ambayo hufanya kazi kwenye baridi kali zaidi.

Mtoto na jaketi nene

Swali: Polisi alinisimamisha kwa jambo jingine akaniambia mtoto asifungwe kwenye kiti cha gari akiwa na jaketi. Nje ni nyuzi 5! Nimfanyeje?

Jibu: Alikuambia kweli, mama. Jaketi la kutuna limejaa hewa. Gari likigonga, hewa inatoka na mkanda unabaki mlegevu kiasi cha mtoto kuchomoka. Jaribu sebuleni: mvalishe jaketi, mfunge, kaza mkanda sawasawa. Mfungue bila kuulegeza mkanda, mvue jaketi, mfunge tena. Shika mkanda begani kwa vidole viwili. Ukiweza kuukunja, huo ndio mwanya uliokuwa umejificha. Mvalishe nguo mbili tatu nyembamba za kubana, mfunge, kisha mvalishe jaketi kinyumenyume juu ya mkanda, mikono ikiingia kwa mbele, au mfunike blanketi.

Dhoruba ikinikuta njiani

Swali: Nafanya zamu ya usiku Buffalo. Nikikwama barabarani kwenye dhoruba na naona taa za nyumba kwa mbali, nitembee au nibaki kwenye gari?

Jibu: Baki. Theluji inayoanguka nene, upepo wa maili 40, mtu anapoteza mwelekeo ndani ya hatua chache, na zile taa "za karibu" zinapotea.

Buffalo ina tabia yake. Upepo baridi unavuka Ziwa Erie ambalo bado lina joto, unabeba mvuke, unaumwaga ukifika nchi kavu kwa mistari myembamba. Mtaa mmoja unazikwa, maili kumi kutoka hapo watu wanaona jua. Kwa hiyo usiitazame theluji ya dirishani kwako ukaamua. Sikiliza utabiri wa huko unakokwenda. Dhoruba ya Desemba 2022 iliacha karibu inchi 52 kwenye uwanja wa ndege wa Buffalo, na zaidi ya watu 40 walifariki katika Kaunti ya Erie, baadhi ndani ya magari, baadhi nje kwa miguu. Kuendesha magari kulipigwa marufuku tarehe 23, zamu nyingi zikiwa zimeshaanza. Ongea na msimamizi wako siku moja kabla. Saa ya marufuku umechelewa.

Ndani ya gari: piga 911 ueleze ulipo kwa alama za barabara. Funga kitambaa chekundu kwenye antena au mlangoni. Washa injini dakika 10 kila saa, na kila mara kabla ya kuwasha shuka ufukue bomba la moshi, mkono ukiwa umeshika gari. Fungua upenyo mdogo wa dirisha upande usiopigwa na upepo. Chezesha vidole, piga makofi, msilale wote kwa wakati mmoja. Theluji usile ikiwa theluji, inakunyonya joto, iyeyushe kwanza. Kwenye buti la gari kuanzia Novemba hadi Aprili kaa na blanketi, beleshi fupi, mchanga, tochi, chaja, kofia na glavu za akiba, karanga, na dawa zako za siku mbili. Tangi lisishuke chini ya nusu.

Kwenye nyuzi 0 na upepo wa maili 15, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Kidole kikiwa kimefifia rangi, kigumu kama nta na hakihisi kitu, usikisugue wala usikipake theluji. Kiweke kwapani, na ukifika ndani tumia maji ya vuguvugu, si ya moto.

Kukata ziwa kwa miguu

Swali: Ziwa Bde Maka Ska la hapa Minneapolis limeganda, watu wanatembea juu yake, na mimi nikikata ziwa naokoa dakika ishirini. Naweza?

Jibu: Hatutakuambia barafu yoyote ni salama kabisa, na idara ya maliasili ya Minnesota haisemi hivyo pia. Kipimo chao kwa mtu wa miguu ni inchi 4 za barafu mpya, angavu na ngumu. Gari dogo inchi 9 hadi 10. Nyayo za watu si kipimo, huenda walipita juzi kabla ya joto kupanda. Chukua kekee ya barafu au mtaimbo, toboa, pima kwa rula, na upime tena kila futi 150. Barafu nyeupe yenye hewa ndani ina nusu ya nguvu, kwa hiyo inahitaji inchi 8. Kaa mbali na midomo ya mito, chini ya madaraja na penye matete. Theluji nene juu ya ziwa nayo ni blanketi, huizuia barafu isinenepe.

Vaa shingoni vishikizo viwili vyenye misumari, vinauzwa duka la wavuvi. Ukizama, geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ndiyo iliyokubeba. Choma misumari, piga miguu kama unayeogelea, jivute kwa tumbo. Ukishatoka usisimame, bingirika hadi mbali na tundu.